Azma za Utani Kando ya Picha: kusoma vitabu vya mwaka vya shule za Marekani, 1942 hadi 1945

Kitabu cha mwaka cha shule ya sekondari ya Marekani kina desturi zake. Kila mhitimu ana picha, na kando ya picha maneno machache: jina kamili, jina la utani, vilabu alivyojiunga navyo, neno lisilokauka mdomoni mwake, na azma yake. Kwenye azma ndiko kwenye uhondo. Huyu anataka kuwa mhandisi, yule mkulima kama baba yake, wa tatu anataka tu kulala hadi saa nne asubuhi pasipo mtu wa kumwamsha. Katika vitabu vya miaka ya vita utani wa namna hiyo umejaa tele, na walioandika walikuwa vijana wa miaka 17 wanaosubiri barua ya wito wa jeshi. Msomaji wa leo anacheka, anafunua ukurasa, anaendelea na safari yake. Hapo amepitwa na jambo kubwa.

Sisi wenye Kiswahili tuna neno la kutufungulia mlango: utani. Mtani huja msibani, akamdhihaki marehemu, akalala kwenye njia ya jeneza akidai alipwe kwanza, na wafiwa hawakasiriki. Ana haki hiyo, na kila aliyepo anajua kwa nini ameitumia siku ile. Azma za mzaha za wahitimu wa wakati wa vita zinataka kusomwa kwa jicho hilohilo. Nani anamtania nani, mwezi gani, na mzigo gani umewekwa mezani? Bahati nzuri mzigo wenyewe unajulikana kwa usahihi mkubwa, kwa sababu maisha ya raia wa Marekani katika vita vile yaliendeshwa kwa kuponi, tarehe na namba. Ukiwa na tarehe hizo mkononi, mstari uliokuwa upuuzi mtupu unageuka kuwa ushahidi.

Kabla ya tarehe, lazima ujue mstari ulivyotengenezwa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kwa kawaida kazi ilianza Oktoba au Novemba. Kamati ya wanafunzi, ikiwa na mwalimu mlezi, iligawa vikaratasi vya kujaza: jina la utani, msemo, azma. Wakati huohuo wahitimu walikwenda studio ya mjini kupigwa picha, wavulana na tai, wasichana na sweta au blauzi nyeupe. Picha zilikatwa kwa kipimo kimoja, zikabandikwa safu kwa safu kwenye kadibodi, na kadibodi nzima ikapelekwa kwa mchonga mabamba. Huyu aliipiga picha tena kupitia kioo chenye mistari myembamba mno, kinachovunja kila uso kuwa vitone, akaihamishia kwenye bamba la zinki au shaba, kisha akalitia kwenye tindikali ili sehemu zisizotakiwa ziliwe. Bamba likishatoka limetoka. Kumwondoa mtu mmoja katikati ya safu ni kulipia bamba jipya, na bei ilihesabiwa kwa ukubwa wa bamba. Tena zinki na shaba ndizo zinazochanganywa kupata shaba ya njano, iliyotakiwa usiku na mchana kwa maganda ya risasi na ya mizinga.

Maneno yalipita njia nyingine. Mpanga herufi alikaa kwenye mashine yenye chungu cha madini ya risasi yaliyoyeyushwa, akabonyeza herufi, na mashine ikamtemea mstari mzima kama kipande kimoja kilichopoa. Kubadili mstari ni kutoa kipande kimoja na kuingiza kingine. Kwa hiyo uso uligandishwa Desemba, lakini maneno yalibaki hai hadi Machi au Aprili.

Wakati wa amani tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Mwaka 1943 ilikuwa na uzito. Mvulana aliyepigwa picha Novemba akiwa na nywele zilizopakwa mafuta, kufika Machi yuko kambini kichwa kimenyolewa. Uso wake unabaki pale kwenye safu, katikati ya wenzake, kwa sababu bamba halibadiliki; mstari wake wa azma umeondolewa, na mahali pake pamewekwa jina la kikosi. Ukiona safu ambayo wawili wana utani wao na wa tatu ana neno tupu la Jeshi la Majini, bila msemo wala kichekesho, kuna uwezekano mkubwa kwamba mstari huo ulibadilishwa prufu, yaani kurasa za majaribio, zikiwa mezani. Mimi naiona hii kuwa alama ya thamani kuliko zote katika kitabu, na haionekani kwa anayesoma vichekesho peke yake.

Ufundi huohuo ndio unaoeleza ufupi wa utani. Safu ya maneno ilikuwa nyembamba, na azma iliyozidi herufi thelathini au arobaini hivi ilidondokea mstari wa pili na kuvuruga ukurasa mzima. Kwa hiyo utani ulibanwa mpaka ukabaki mfupa: kitenzi na kitu. Kupata hiki. Kukwepa kile. Kufika pale. Ndiyo maana kila azma ya mzaha ina kitu cha kushika ndani yake, tairi au soksi au sukari, na kitu hicho ndicho kinachokupa tarehe.

Jambo la tatu kuhusu utengenezaji: mara nyingi siye mwenye picha aliyeandika. Vikaratasi havikurudi vyote. Wengine walichukua kazi za jioni viwandani na hawakuwa na muda, wengine waliona haya, wengine waliandika jambo ambalo mwalimu mlezi alilifuta kwa kalamu. Nafasi tupu ilijazwa na kamati, na kamati ilikuwa ya marafiki. Dalili za mkono wa kamati si ngumu kuziona. Azma inacheza na jina la utani la mtu huyo, au inamtaja msichana fulani kwa herufi za mwanzo za jina lake, au azma tano mfululizo zina mizani ileile kana kwamba zimetungwa kikao kimoja usiku wa mwisho. Hapo una utani halisi kwa maana yetu: mtu ametaniwa na wenye haki ya kumtania. Ukinukuu mstari kama huo ukasema huyu kijana alitamani hivi, umemsingizia.

Sasa tuingie kwenye tarehe. Ya kwanza ni 7 Desemba 1941, Jumapili, Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor. Kitabu cha 1942 kilikuwa tayari kimeanza kuandaliwa, picha zimepigwa, pengine vikaratasi vimejazwa. Ndiyo maana vitabu vya 1942 vina hali ya ajabu: dibaji na tabaruku vinazungumzia vita, na kurasa za wahitimu bado ziko kwenye amani, na azma za kwenda Hawaii kucheza baharini zimeachwa vilevile. Msomaji asiyejua mpangilio wa kazi anaweza kudhani vijana wale hawakujali. Walijali sana, ila walikuwa wamejaza vikaratasi kabla ya Desemba.

Tarehe ya pili ni 13 Novemba 1942. Kabla ya hapo sheria ya kuitwa jeshini kwa lazima ilianzia umri wa miaka 20. Siku hiyo Rais Roosevelt alitia saini sheria iliyoushusha hadi 18, na ghafla vita vikaingia darasani kwa mguu wake. Sheria ilikuwa na kifungu ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikijua kwa kichwa: kijana wa miaka 18 au 19 aliye sekondari, akiitwa katika nusu ya pili ya mwaka wa masomo, anaweza kuomba aahirishiwe hadi mwaka uishe. Akiitwa katika nusu ya kwanza, kinga hiyo hana. Kwa hiyo mwezi wa kuzaliwa uliamua nani atavaa joho. Aliyetimiza miaka 18 mwezi wa Machi alikuwa na uhakika wa kufika Juni, na mwenzake wa dawati moja aliyeitimiza Septemba angeweza kuondoka kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Azma ya kumaliza shule, ambayo katika kitabu cha 1938 ni mzaha wa mvulana mvivu, katika kitabu cha 1943 ni hesabu ya kalenda. Maneno ni yaleyale, na bado mistari hiyo miwili haina undugu.

Barua ya wito ilianza kwa jina la Rais wa Marekani, ikafuata salamu ya neno moja, kisha ikamweleza mwitwa kwamba bodi iliyomchagua imeundwa na majirani zake. Salamu hiyo ndiyo iliyogeuzwa utani nchi nzima. Azma zinazozungumzia kukwepa salamu, kumjibu Mjomba Sam (jina la utani la serikali ya Marekani), au kupata barua kutoka kwa mtu mwingine yeyote zinaelekea hapo. Zipo pia alama za madaraja: 1-A kwa anayefaa kuchukuliwa mara moja, 4-F kwa aliyekataliwa kwa sababu ya macho, moyo, masikio na kadhalika. Utani juu ya 4-F usomwe kwa uangalifu sana. Kuna aliyetaniwa hivyo huku akiwa mzima wa afya, na hapo ni mchezo. Kuna aliyekataliwa kweli na akabaki mjini akiwa kijana wa pekee asiye na sare, akitazamwa na kila mama mwenye mtoto vitani. Kwa huyo mstari uleule ulikuwa kidonda.

Waliokuwa na miaka 17 walikuwa na mlango mwingine. Jeshi la Majini liliwapokea kwa hiari, mzazi akitia saini. Kwa sababu hiyo azma ya baharia inajitokeza mno hata katika shule za majimbo yasiyo na pwani. Siyo kwamba vijana wa kwenye mashamba ya mahindi walipenda bahari ghafla. Walikuwa wanachagua wenyewe kabla hawajachaguliwa.

Tuje kwenye vitu.

Tairi lilianza. Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Uholanzi vya Asia, Marekani ilipoteza takriban sehemu tisa kwa kumi za mpira wake wa asili, na mwezi Januari 1942 matairi yakawa kitu cha kwanza kuwekewa mgawo. Petroli ilifuata, kwanza mashariki mwezi Mei 1942, kisha nchi nzima tarehe 1 Desemba. Watu wengi hudhani petroli iligawiwa kwa sababu ilikuwa haba. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kuwazuia watu kuendesha magari ili matairi yasiishe, na ndiyo maana mwendo ulishushwa hadi maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Gari la kawaida lilibandikwa herufi A, likapata galoni chache kwa wiki. Sasa fikiria kijana mwenye gari kuukuu, msichana anaishi maili nane nje ya mji, na dansi ya mwisho wa mwaka inakaribia. Azma ya kumiliki matairi manne yaliyo mazima, au kumwoa binti wa mwenye stendi ya mafuta, ina sheria mbili za serikali ndani yake.

Sukari iliingia Mei 1942. Ninaipenda sehemu hii kwa sababu ilifanyika shuleni. Wenye maduka na viwanda waliandikishwa katika shule za sekondari tarehe 28 na 29 Aprili, kisha raia wa kawaida wakaandikishwa katika shule za msingi kati ya tarehe 4 na 7 Mei. Walimu ndio walioketi mezani. Walimuuliza kila mtu jina, umri, urefu, uzito, na ana sukari kiasi gani nyumbani, kisha wakabandua kuponi kulingana na akiba aliyoitaja. Mgawo ulikuwa nusu ratili kwa mtu kwa wiki, gramu 225 hivi. Mwalimu wa jiografia ya asubuhi akawa alasiri afisa anayemhoji mama yako kuhusu kopo la sukari kabatini. Ukikuta utani wa mwaka 1942 au 1943 kuhusu kumhonga mwalimu kwa sukari, una mizizi hapo.

Kahawa ilikaa kwenye mgawo miezi minane tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba 1942 hadi mwishoni mwa Julai 1943: ratili moja kwa wiki tano, kwa mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kitu chenye muda mfupi hivyo ni cha kupendeza kwa mtu anayetafuta tarehe. Viatu vikafuata Februari 1943, jozi tatu kwa mwaka, na nyama, siagi na jibini mwezi Machi kwa kuponi nyekundu zilizohesabiwa kwa pointi. Soksi za nailoni zina historia yao. Ziliingia madukani nchi nzima Mei 1940, zikapendwa kama nini, na mapema 1942 nailoni yote ikachukuliwa kwa miavuli ya kurukia na kamba. Wasichana walipaka miguu rangi ya kahawia ya kimiminika, kisha rafiki akapiga mstari nyuma ya mguu kwa penseli ya nyusi kuanzia kisigino hadi juu, ili uonekane mshono wa soksi. Mvua ikinyesha rangi inachuruzika, na mstari ukipindwa unaonekana kutoka mbali. Kwa hiyo msichana ambaye azma yake ni jozi moja ya nailoni hakuwa mpenda anasa. Alikuwa amechoka kusimama juu ya kiti asubuhi.

Na yule aliyetaka kulala hadi saa nne? Tangu 9 Februari 1942 hadi 30 Septemba 1945 saa za nchi nzima zilisogezwa mbele saa moja, kiangazi na kipupwe. Januari watoto walikwenda shule gizani. Wengi wao usiku walikuwa wametoka kazini, kwani viwanda na maduka yalikuwa na njaa ya wafanyakazi. Idadi ya wanafunzi wa sekondari ilipungua kwa zaidi ya milioni moja kati ya mwanzo wa vita na 1944, na serikali ikalazimika kuendesha kampeni ya kuwarudisha madarasani. Usingizi ulikuwa bidhaa adimu kama nyama, ila wenyewe haukuwa na kuponi.

Azma za wasichana zinahitaji kipimo cha peke yake: umri. Kikosi cha wanawake cha jeshi la nchi kavu kilipoanza Mei 1942 kilitaka miaka 21, baadaye 20. Kile cha Jeshi la Majini kilitaka 20. Mhitimu wa miaka 17 anayejitangaza kuwa baharia wa kike mwaka 1943 alikuwa anazungumzia jambo la miaka mitatu mbele, na wenzake walijua, ndiyo maana wakacheka. Kikosi cha wauguzi wanafunzi kilichoundwa katikati ya 1943 kilikuwa tofauti. Kiliwapokea wahitimu wa sekondari wenye miaka 17 au 18 kulingana na jimbo na chuo, kikawalipia ada na vitabu, kikawapa sare ya kijivu yenye mabega mekundu na posho iliyoanzia dola 15 kwa mwezi. Vitabu vya 1944 na 1945 vimejaa azma ya uuguzi, na hiyo si mzaha hata kidogo. Kwa msichana wa familia maskini huo ulikuwa mlango wa elimu ya juu uliofunguliwa kwa mara ya kwanza. Inaniuma ninapoona mistari hiyo ikirukwa kwa sababu haichekeshi.

Ipo pia mistari inayofanana na mzaha lakini si mzaha, na kuielewa lazima ujue kitabu kimetoka shule ipi. Shule za Wamarekani weusi katika majimbo ya kusini zilikuwa zimetengwa kwa sheria. Kijana mweusi aliyeandika rubani mwaka 1940 aliandika jambo ambalo jeshi lilikuwa limemfungia kabisa. Mafunzo ya marubani weusi yalianza Tuskegee, Alabama, mwaka 1941, na watano wa kwanza walihitimu Machi 1942. Neno lilelile rubani katika kitabu cha 1942 lina watu watano nyuma yake, wenye majina na mbawa kifuani.

Halafu kuna shule za ndani ya senyenge. Amri ya 19 Februari 1942 iliwezesha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, kuhamishwa kutoka pwani ya magharibi na kufungiwa katika kambi kumi. Kambi zilifungua shule ndani ya mabanda yaleyale ya mbao, mwanzoni bila madawati ya kutosha wala vitabu. Na zilitoa vitabu vya mwaka. Kambi ya Manzanar, California, ilitoa chake mwaka 1944, na picha zake zilitoka katika studio ya Toyo Miyatake, mpiga picha wa Los Angeles aliyefungwa humo. Wafungwa walikuwa wamekatazwa kamera. Yeye aliingiza lenzi kwa siri, fundi seremala akamtengenezea sanduku la mbao, na baadaye uongozi ukamruhusu kufanya kazi kwa uwazi. Ukifungua kitabu hicho unaona timu za mpira, vilabu, malkia wa dansi, sura zilezile za vijana wa Marekani popote. Azma ya kwenda nje, ambayo shule nyingine ingekuwa sentensi isiyokamilika, humo ilikuwa imekamilika. Januari 1944 serikali ikarudisha wito wa lazima kwa vijana haohao, na barua yenye salamu ya neno moja ikawafikia wakiwa chini ya minara ya walinzi.

Nirudi darasani, maana siku ya shule yenyewe ndiyo iliyolisha utani huu. Mapema 1942 Jeshi la Majini liliomba shule zitengeneze ndege za mfano 500,000, za aina 50, kwa ajili ya kuwafundisha askari na raia kutambua ndege za adui. Kipimo kilikuwa moja kwa 72, kwa hiyo ndege ya mfano ukiitazama kutoka mita 10 inaonekana kama ndege halisi iliyo mita 720. Mwanafunzi alipewa michoro, akakata vigezo vya karatasi ngumu, akachonga mbao laini kwa kisu, kisha akaweka kigezo juu ya mbao na kuinua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati ya kigezo na mbao, hapo bado, rudi kwenye msasa. Ukishapitiliza, umeharibu, maana mbao haiongezeki. Mabawa ndiyo yaliyoharibika zaidi: yakiachwa mazito umbo linadanganya, yakichongwa mno ncha zinavunjika. Mwisho ilipakwa rangi nyeusi yote, kwa sababu angani askari angeona kivuli tu. Zilizokubaliwa zilimpa mtengenezaji cheti chenye cheo cha heshima, na vyeo hivyo vinatajwa katika vitabu vya mwaka sambamba na uongozi wa vilabu.

Stempu za vita ziliuzwa shuleni, kwa kawaida siku moja maalumu ya wiki. Mtoto alinunua stempu ya senti 10 au 25, akaibandika kwenye albamu. Stempu 75 za senti 25 zinafanya dola 18.75, na albamu iliyojaa hubadilishwa na hatifungani itakayolipa dola 25 baada ya miaka kumi. Mwenye stempu za senti 10 alikuwa na tatizo dogo: 187 zinafika dola 18.70, basi alipeleka albamu na senti tano mkononi. Kumi za kusubiri kutoka 1943 ni 1953, na azma za kutajirika mwaka 1953 zimetokana na hesabu hii.

Vuli ya 1944 watoto wa shule walipelekwa maporini kuokota matumba ya mmea unaotoa utomvu mweupe, ambao wenyewe huuita milkweed. Ndani yake mna nyuzi laini kama sufi, na sufi ndiyo iliyokosekana: jaketi za kuokolea mabaharia zilijazwa sufi kutoka Java, sufi ileile tunayojazia mito pwani kwetu, na Java ilikuwa mikononi mwa Wajapani. Mifuko miwili ya matumba ilitosha jaketi moja. Yalitiwa kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu na kutundikwa kwenye uzio yakauke, kwa sababu mfuko wa gunia ungeyafanya yaote ukungu. Ukiyachuma mapema nyuzi hazijakomaa, ukichelewa yamepasuka na upepo umezichukua.

Baada ya picha, vitabu vingi vina wosia wa darasa na utabiri wa darasa. Katika wosia wahitimu wanawarithisha wadogo zao vitu: kiti cha nyuma, funguo za kabati, uwezo wa kuchelewa bila kuonekana. Wosia ni karatasi ya kisheria ya mtu anayejiandaa kufa, na wavulana wa 1944 walijua hivyo walipoucheza. Sioni kwamba walikuwa wanakwepa. Utabiri, kwa upande wake, huruka miaka kumi au ishirini mbele na kumkuta kila mmoja akiwa na kazi yake ya kuchekesha, mzima, mnene, ana watoto. Hesabu majina: ndani ya utabiri kila mtu anarudi.

Shule nyingi zilikuwa na bendera ya huduma yenye nyota ya buluu kwa kila aliye jeshini, na ya dhahabu kwa aliyekufa. Kitabu kilichofungwa Aprili kinaweza kuwa na nyota ya buluu kwa kijana ambaye, kabla ya vitabu kugawiwa, ilishabadilika. Kwa hiyo ukitafuta habari za mtu, usisimame kwenye kitabu chake. Chukua cha mwaka unaofuata, ukurasa wa kumbukumbu, kisha rudi kwenye mstari wake wa azma.

Na usiwasahau wasio na picha. Kurasa za mwisho huwa na orodha ya walioondoka kabla hata ya Novemba, majina matupu, hawana jina la utani wala msemo. Baadhi yao walirudi mwaka 1946 wakakaa darasani na watoto wa miaka 16. Wengi hawakurudi shule kamwe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 majimbo kadhaa yaliweka utaratibu wa kuwapa vyeti vyao, wao au familia zao. Mwombaji huandika jina, shule aliyoiacha, mwaka ambao angehitimu, tarehe za kuingia na kutoka jeshini, na huambatisha nakala ya hati ya kuachishwa kwa heshima. Nafasi ya azma haimo kwenye fomu hiyo.